Kidole cha Mwamuzi

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili usihangaike kumtafuta mwingine, maana katika kisa hiki kila mtu alifanya kazi yake sawasawa: muuguzi alifanya yake, mama mtu alifanya yake, na mtoto wa darasa la tano alifanya yake kutushinda sote. Aliyevuruga ni mimi, tena mbele ya wageni, tena nikicheka.

Nilikuwa kocha wa kujitolea. Asubuhi nabeba mifuko ya saruji kwenye ghala la watu, jioni nafundisha watoto wa shule kriketi. Usishangae mbeba saruji na kriketi wamejuana wapi. Ujana wangu niliumalizia kwenye kibarua cha kufyeka nyasi katika kiwanja cha klabu ya wenye nafasi zao, na mtu akikaa karibu na mchezo kila siku, mchezo unamwingia kama moshi unavyoingia kwenye nguo. Nikajua kurusha mpira, nikajua kuupiga, nikajua na kubishana. Watoto waliniita Kocha Mbwembwe. Jina lenyewe nililipenda, kwa hiyo ujue tatizo lilianzia mbali.

Mwenzangu alikuwa muuguzi wa zahanati, mama wa makamo asiyecheka ovyo, kila mtu akimwita Sista. Mpango wetu ulikuwa hivi: mimi nawakusanya watoto kwa mchezo, yeye anawapa elimu ya afya wakiwa bado wanahema. Mwanzoni kila mmoja alifanya kivyake. Mimi nikimaliza, yeye anasimama na picha yake ya mapafu, na watoto wanaitazama ile picha kama wanavyotazama hesabu za sehemu. Ndipo nikapata wazo, na hili lilikuwa zuri, silikani. Tuchanganye. Tukaanza na kifua kikuu, maana ndicho kilichokuwa kikisumbua mitaa ile.

Katika kriketi mwamuzi ana kidole. Akikinyoosha juu, mpigaji ametoka. Anabeba gongo lake la kupigia mpira anaondoka, hata kama moyoni anamtukana. Sisi tukamwongezea mwamuzi wetu madaraka. Mtu akikohoa uwanjani bila kuziba mdomo kwa kiwiko, kidole juu, nje. Na mtu akijulikana kwamba amekohoa zaidi ya wiki mbili, awe mchezaji, awe mtazamaji, awe mwalimu mkuu mwenyewe, kidole juu, na safari yake inaishia kwenye benchi la Sista kando ya ukuta wa madarasa. Hapo ataulizwa maswali na kupelekwa kupima makohozi.

Watoto walilipenda jambo hilo kupita kiasi. Wakawa wanasikilizana vifua kama mafundi wa injini. Siku moja walimtoa mlinzi wa shule, aliyekuwa amesimama zake getini hata mchezo hautazami. Akaenda benchi akinung'unika kwamba shule imeishiwa adabu. Alipopimwa akakutwa nacho kweli. Akameza dawa, akapona, akanenepa mpaka akadai sare nyingine. Baada ya hapo hakuna aliyekidharau kidole.

Sheria ya kutobishana niliisimamia mimi mwenyewe. Kuna jitoto moja la darasa la saba lililomwambia mwamuzi, "Wewe huoni." Nikalizungusha kiwanja mpaka likaanza kuomba maji na msamaha kwa pamoja. Kisha nikawakalisha wote chini.

"Sikilizeni," nikasema. "Mwamuzi akinyoosha kidole, hata mimi natoka. Hata mama yangu mzazi angekuwa ndiye mpigaji, angetoka, na jioni angenipakulia chakula bila kununa."

Wakacheka. Mmoja hakucheka. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayeweka kitu mahali ambapo hatakisahau.

Huyo ndiye tuliyemwita Mwamuzi. Alikuwa msichana mwembamba wa darasa la tano, kupiga hajui, na mbio zake ni za mtu aliyebeba ndoo kichwani. Lakini macho yake! Mpira ukigusa ukingo wa gongo hata kwa unywele, yeye ameuona. Nikampa kofia nyeupe ya mwamuzi niliyoachiwa kule klabuni. Ikamfika puani. Mama yake, fundi cherehani, akaipunguza, ikamkaa sawasawa. Akiivaa, mtoto anabadilika: mgongo unanyooka, sauti inashuka, hata wakubwa wanamwambia "samahani" kabla hawajakosa.

Mashindano ya shule yalikuwa yanakaribia. Niliwasumbua waandaaji mpaka wakachoka, wakakubali mechi moja isimamiwe na mwamuzi mtoto, jambo ambalo halijawahi kufanyika. Mtoto mwenyewe ni yeye. Nilipompelekea habari hakuruka, hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu: "Na wakubwa nao nikiwatoa, watatoka?"

"Watatoka," nikamwambia.

Mama yake akaanza kumshonea koti jeupe.

Wakati wote huo nilikuwa nakohoa. Kwenye ghala la saruji kila mtu anakohoa. Asiyekohoa tunamshuku hafanyi kazi. Na kibarua haumwi. Kibarua akiumwa leo, kesho anakuta mtu mwingine amevaa glavu zake. Kwa hiyo kifua kikikwangua, nasema vumbi. Suruali ikianza kunivuka, nasema mazoezi. Shuka likilowa jasho usiku, nasema joto. Sista aliniuliza mara moja, "Kifua chako hicho vipi?" Nikamjibu, "Sista, kifua cha mwanaume lazima kingurume kidogo, ndiyo tujulikane tupo." Alifungua mdomo anijibu, watoto wakamwita, nami nikashukuru.

Sasa siku yenyewe. Walikuja wageni kutoka kwenye shirika lililotuletea magongo mapya na mipira, wakaketishwa kwenye viti vya plastiki, wakapewa soda. Ulikuwa mchana wa upepo. Mimi nimevaa fulana mpya, nimejaa mwenyewe kama puto. Nikaona watoto peke yao hawatoshi kuwaonyesha wageni utamu wa mchezo, nikachukua gongo niwe mpigaji wa mfano. Napiga mpira, nainama kama mwigizaji. Naukosa, najishika kiuno kama bibi kizee. Wageni wanacheka mpaka soda zinawapalia. Mwamuzi amesimama nyuma ya wiketi, vile vijiti vitatu vinavyolengwa na mpira, na kofia yake, hacheki, anafanya kazi.

Kikohozi kikanishika. Si kile cha kukohoa na kuendelea, ni kile kinachomkunja mtu katikati. Nikaegemea gongo. Kilipokwisha nikainua macho, nikakuta kidole kiko juu.

Watoto wakalipuka. "Kocha nje! Kocha nje!"

"Ah, Mwamuzi," nikasema nikijifuta machozi, "hilo ni vumbi. Huoni upepo?"

"Si vumbi, Kocha."

"Umelipima?"

"Umeanza kukohoa toka magongo mapya hayajaja. Yamekuja, tumeyachezea, na mengine yameshapasuka. Ni zaidi ya wiki mbili. Nenda kwenye benchi."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma ubaoni. Kidole kilikuwa bado kiko juu. Kando ya ukuta Sista alikuwa ameshasimama, ananitazama. Wageni nao wananitazama. Nilichotakiwa kufanya ni kutembea hatua chache mpaka kwenye benchi ambalo mlinzi wa shule alifika akinung'unika. Hata ningeweza kutembea kwa mbwembwe, wangecheka, ingekuwa onyesho zuri kuliko yote.

Badala yake nikawageukia wageni. "Mnamwona daktari wetu? Meno ya utu uzima hayajamaliza kuota, ameshaanza kutibu watu!"

Wageni wakacheka. Watoto waliokuwa wakipiga kelele kwa ajili yake wakageuka wakamcheka yeye. Mimi nilipoona kicheko kimehama upande wangu nikanogewa. Nikamsogelea, nikamvua ile kofia, nikamvisha lile jitoto la darasa la saba.

"Leo umechoka, mwanangu," nikasema. "Nenda stoo ukayapake magongo mafuta yasipasuke. Mwamuzi mwenye usingizi anatoa watu ovyo."

Alishusha kidole. Hakulia. Akakata uwanja kuelekea stoo, na njia yake ikapita mbele ya benchi la Sista. Sista akamwambia kitu, yeye akatikisa kichwa kukataa, akaendelea. Mchezo ukaendelea. Wageni waliponiaga waliniambia nina kipaji.

Jioni Sista alinivuta kando. "Umemfanya nini yule mtoto?"

"Utani tu, Sista. Kesho atasahau."

"Na kifua?"

"Mashindano yakiisha nitakuja. Nakuahidi."

"Mimi siwezi kukubeba mgongoni," akasema. "Mtu mzima wewe."

Mtoto hakusahau. Nilimpa adhabu ya siku ile moja tu, yeye akaichukua kama kazi yake mpya. Kila nikifika, namkuta stoo. Nilipomwambia arudi uwanjani, alinijibu magongo hayajakwisha. Kofia sikumrudishia; nilijiambia nitampa kwa kishindo siku ya mashindano, afurahi. Basi tukawa tunakaa naye stoo, yeye anapaka, mimi nashona glavu zilizochanika na kumsimulia vituko vya klabuni ili nimfanye acheke. Alicheka mwishowe. Nilijiona nimefuta kosa.

Stoo yenyewe ilikuwa chumba kidogo, ukipitisha ufagio mara mbili umekimaliza, dirisha hakina, mlango wa bati. Mafuta ya gongo yakiwa mabichi yanashika vumbi, na vumbi likikaukia pale gongo linakuwa kama msasa. Kila mpakaji analijua hilo. Kwa hiyo nilimwambia, "Funga mlango, mwanangu."

"Sista amesema chumba chenye watu kiachwe wazi, hewa ipite."

"Sista hapaki magongo."

Akaufunga. Hii ndiyo sentensi ninayoisikia nikilala: Sista hapaki magongo. Mimi niliyembebea Sista picha yake ya mapafu kwapani, niliyewaimbisha watoto "fungua dirisha, fungua mlango," nilimfungia mtoto ndani na kifua changu kwa ajili ya mbao. Nikamfungia kesho yake, na kesho kutwa, na wiki zilizofuata, tukipiga hadithi.

Nilianguka ghalani na mfuko begani. Wenzangu walidhani nimeteleza, mpaka walipoona damu kwenye saruji. Hospitalini hawakuchukua muda. Nilipopata nguvu ya kuketi, Sista alikuwa pembeni ya kitanda, amefunika mdomo, macho peke yake ndiyo yanaonekana, na macho yale hayakuwa na neno la kunipa pole.

"Ulikuwa unakaa na nani chumba kimoja?"

"Nyumbani niko peke yangu. Ghalani kuko wazi, pande zote upepo unapita."

"Shuleni?"

"Uwanjani, Sista. Si unajua, uwanjani ni hewa tupu..." Nikaukumbuka ule mlango wa bati. "Stoo," nikasema.

"Na nani?"

Nikamwambia. Aliinuka papo hapo.

Walipimwa watoto wote na walimu wao. Aliyekutwa nacho alikuwa mmoja.

Mashindano yalifika sisi wawili tukimeza dawa, mimi wodini, yeye kwao, homa ikimpandisha na kumshusha. Mechi iliyokuwa yake ilisimamiwa na mtu mzima aliyetafutwa haraka. Waandaaji walisema, bila ubaya wowote, kwamba labda wazo la mwamuzi mtoto lilikuwa la haraka kidogo, na msimu ujao wataangalia kama kuna haja.

Sista aliponipa ruhusa ya kuchanganyika na watu, kwamba sasa dawa zimeshafanya kazi na siwezi kumwambukiza mtu, mahali pa kwanza nilipokwenda ni kwa yule fundi cherehani. Kofia nyeupe nilikuwa nimeifua, nimeipiga pasi. Nilikuwa na mpango. Shule ya jirani ilikubali mechi ya kirafiki, nami nilitaka mtoto aivae ile kofia na kusimama tena nyuma ya wiketi. Kama angekubali, waandaaji wangeona, nafasi yake ingerudi. Na kama angekubali, mimi nami ningelala. Nakiri hilo la pili lilikuwa zito kuliko la kwanza.

"Hodi," nikaita.

"Karibu, Kocha." Mama mtu alikuwa barazani, mguu kwenye cherehani, pini mdomoni. Alizitoa, akanitolea kiti, akakiweka nje kabisa, kwenye upepo. Kisha akaona nimekiona kilipowekwa, akaona aibu yeye badala yangu. "Ndani kuna joto," akasema.

"Hapa ni pazuri, mama. Hata ungeniweka barabarani."

Akacheka kidogo. Kwenye msumari nyuma yake lilining'inia lile koti jeupe, mkono mmoja umeshonwa, mwingine umeshikizwa kwa pini. Mlango wa chumba ulikuwa wazi na dirisha wazi, pazia linapepea mpaka nje. Mwamuzi alikuwa ndani, amekaa kitandani, ananiona na namwona. Shingo yake ilikuwa imerefuka kwa kukonda.

"Mwamuzi! Hujambo?"

"Sijambo, Kocha." Basi.

"Anakula?" nikamwuliza mama.

"Siku hizi anakula. Dawa anazimeza mwenyewe, hata simkumbushi. Ananikumbusha mimi kufungua madirisha."

Nikaitoa kofia kwenye mfuko, nikaiweka gotini. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, na yote yalikuwa ya kuchekesha. Nikayaacha.

"Mama," nikasema, "nimekuja kwa ajili ya... hii. Kuna mechi inakuja. Hana haja ya kukimbia, atasimama tu. Sista amesema akipata nguvu anaweza."

"Ni yeye wa kusema," akajibu mama. "Mimi nashona tu."

"Siendi," sauti ikatoka ndani.

"Usikatae hivyo, mwanangu. Watoto wanakuulizia."

"Waliokuwa wananicheka?"

Mama akasimamisha cherehani. "Wewe! Unaongea na mtu mzima." Kisha akanigeukia, sauti imelainika. "Usimjali, Kocha. Ugonjwa unaharibu hata ulimi. Wala usijitese. Watu wanasema maneno mengi, lakini mimi nimewaambia, ugonjwa wa hewani hauna mwenyewe. Angeweza kuupata sokoni, angeweza kuupata kanisani, angeweza kuupata kwa mteja wangu yeyote anayekuja kupimwa nguo hapa."

Alinirushia kamba, yule mama, kwa moyo mweupe. Mwanaume mwenye akili angeiacha ipite. Mimi niliidaka kwa mikono miwili.

"Hata madaktari ndivyo wanavyosema," nikadakia. "Huwezi kujua kwa hakika mtu kakitoa wapi. Na mimi mwenyewe, mama, naapa, nilidhani ni saruji. Ghala zima tunakohoa! Ningejua, ningekaa naye chumba kimoja? Mtoto ninayempenda vile? Nilimtafutia mpaka nafasi kwenye mashindano."

"Najua, Kocha."

"Ni kutojua tu. Hata Sista alinipita kila siku, hakunikamata akanipima. Sista, mwenye kazi yake!"

"Basi, yamekwisha," akasema mama, akaokota kitambaa kilichoanguka. "Tusihukumiane. Lilikuwa jambo la bahati mbaya. Hakuna aliyejua."

Kitanda kililia. Mwamuzi alikuja mpaka mlangoni, akishika fremu kwa mkono mmoja. Alitazama kofia iliyokuwa gotini mwangu, hakuigusa. Akamtazama mama yake.

"Mimi nilijua, mama," akasema. "Nilimtoa, akakataa kutoka."